Muhogo Uliotolewa Majini Mapema

Mama yangu mpendwa,

Asalamu aleikum. Nakusalimia kwa mikono miwili na goti chini, kama ulivyonifundisha, hata kama sakafu ya huku ni baridi na hakuna anayeniona. Umeamkaje? Lile goti la kushoto linakuacha ulale, ao bado linakuamsha mvua ikikaribia? Na paa la jikoni, yule fundi alirudi kulimaliza, ao alikunywa chai yako na kupotea? Miye huku ni mzima wa mwili. Habari za moyo zitafuata, usiwe na haraka.

Aziza, mdogo wangu, najua njo weye unayesoma na Mama anasikiliza, amekaa kwenye kigoda chake anachambua kitu. Mwambie akiweke chini. Na weye usiruke neno. Nakujua: ukifika pahali pagumu unakohoa, halafu unageuza karatasi kama vile hapakuwa na kitu. Leo kohoa unavyotaka, lakini ukimaliza rudi pale pale.

Nimeandika kwa sababu simu yenu haina siri. Ukiiweka sauti kubwa, jirani anajibu salamu kabla yako, halafu mtandao unakatika kwenye lile neno lenyewe. Barua hii anaibeba mwalimu mmoja wa mtaa wa Mikelenge aliyekuja huku kutibiwa macho, sasa anarudi nyumbani. Nimemwomba aiweke mkononi mwa Aziza, si kwa mtu mwingine. Mpeni chakula, ni mtu mwema, ila anaongea sana.

Kwanza habari za kazi. Kila mara unaniuliza, "Unafanyaka nini huko?", nami najibu, "Niko kiwandani", na unabaki hujui mwanao anakula kwa jasho gani. Basi sikiliza, maana yote nitakayosema leo yametoka humo.

Kiwanda chetu hapa Ubelgiji kiko katikati ya mashamba ya beterave, kiazi kinene wanachokamua sukari ndani yake kama sisi tunavyokamua muwa. Maji ya sukari hiyo tunayatia kwenye matangi marefu kuliko mnara wa msikiti, tunatia vidudu ambavyo jicho halivioni, halafu tunangoja. Vidudu vinakula sukari, vinaacha ukali. Ukali huo njo asidi, Mama. Ni kile kinachokukunja uso ukionja maziwa yaliyolala, ao ukiinamia pipa la muhogo uliochacha. Wanaiuza kwa watu wa vyakula na watu wa dawa, na wengine wanaigeuza kuwa vikombe vya plastiki. Usiniulize inageukaje.

Siku yangu ya kwanza walifungua tangi kwa juu, mvuke ukanipiga usoni, machozi yakanitoka hapo hapo. Wenzangu wakacheka, wakafikiri ni ukali wa mvuke. Aka, haikuwa hivyo. Ilikuwa harufu ya muhogo wako, Mama, ule ambao umeshalainika mpaka kidole kinazama ndani. Nilikuwa sijainusa tangu nilipotoka kwetu Kindu. Sasa imeingia katika nguo zangu zote. Kwenye basi watu wanasogea mbali nami kidogo kidogo, nami nabaki na kiti kizima peke yangu kama gavana.

Lakini kazi yangu si kuchachusha. Kazi yangu ni kuitoa asidi majini. Ikishazaliwa inakuwa imepotea ndani ya maji mengi, pamoja na mabaki ya vidudu na uchafu wa kila namna. Utaitoaje? Ukichemsha, maji njo yanakimbia kwanza, asidi inabaki nyuma imegandana na uchafu wake. Basi tunatumia mafuta. Si mawese, ni mafuta ya kiwandani yasiyo na rangi, wanayaita solvan, ukiyakaribia bila kufunika pua kichwa kinauma mpaka jioni. Tunayamimina juu ya maji yaliyochacha, tunavitikisa pamoja. Maji na mafuta havipatani, hilo unalijua. Lakini asidi inayapenda mafuta hayo kuliko maji, kwa hiyo inahama. Halafu tunaacha vitulie. Mafuta yanapanda juu na asidi yake, maji yanabaki chini, tunafungua bomba na kuvitenga. Baadaye tunayaosha mafuta kwa maji mengine, safi na ya moto, na asidi inatoka tena, nyeupe ya roho. Mafuta yanarudi kazini kesho yake.

Wazee wa kazi walinieleza hivi: mafuta yanaita, asidi inaitika. Lakini iko na sharti lake. Vile vidudu vinakufa na ukali wao wenyewe ukizidi, kwa hiyo tunatia chokaa ili vipate pumzi, na chokaa hiyo inaishika asidi na kuifunga. Asidi iliyofungwa hivyo haiitiki, hata ungemimina mafuta ya dunia nzima. Mpaka kwanza uifungue. Shika neno hilo, Mama, nitalirudia.

Sasa, juzijuzi shefu wetu alikuwa na haraka. Matangi yalijaa, maji mengine ya sukari yanangoja mlangoni, akaamuru tangi moja lifunguliwe kabla ya siku zake. Tukatoa, tukatia mafuta, tukatikisa. Ee! Vilikataa kutengana. Katikati pakasimama povu zito, si maji, si mafuta, kama uji uliotiwa sabuni. Tulingoja mpaka miguu ikauma. Na tulipopata mafuta kidogo ya kupima, asidi ndani yake ilikuwa karibu hakuna.

Akashuka Madame Hilda wa laboratwari, chumba cha kupimia. Ni mwanamke mtu mzima, mjane, mwenye ulimi wa moto kama wako, na wote wanamuogopa, hata shefu. Akaangalia lile povu, akanusa, akasema, "Mmeyatoa mapema. Mafuta hayawezi kuita kitu ambacho bado hakijazaliwa."

Mama, wengine walisikia maneno ya kazi. Miye nilisikia pipa la chini ya kitanda.

Aziza, umekohoa? Haya. Endelea.

Unakumbuka, Mama, wakati wa vita, mji ulipofungwa. Kwenda shamba ilikuwa kwenda kufa, treni haikuja, chumvi tuliigusa kwa ncha ya ulimi. Samaki hakuna, nyama hakuna, maharagwe tulisahau sura yake. Kilichobaki ni muhogo mchungu, ule mkali ambao hata nguruwe pori anaupita. Na hauliwi hivi hivi, unaulaza majini siku zake tatu ao nne, mpaka ulainike na uchache. Weye ulikuwa bingwa wa kuloweka katika mtaa wetu wote wa Alunguli, wanawake walikuja kukuita uguse pipa lao useme kama tayari. Muntu akitaka kuharakisha ulikuwa unamwambia, "Haraka haraka haina baraka, uache ulale."

Lakini ile harufu njo ilianza kutusaliti. Wenye silaha walikuwa na njaa kama sisi, na walikuwa wanatembea mlango kwa mlango wakinusa. Muhogo ukichacha, harufu inafika barabarani, nao wanajua nyumba hii iko na chakula. Wanaingia wanabeba pipa, na wakikuta binti wanabeba zaidi ya pipa. Tulisikia kilio cha nyumba ya tatu kutoka kwetu, na asubuhi yake hakuna aliyeuliza kitu. Basi ukaingiza pipa ndani, ukaliweka chini ya kitanda, ukalifunika kwa mikeka. Na ukawa unautoa muhogo ukishalala majini usiku mmoja tu, kabla haujaanza kusema. Bado nakuona umeinama, pua kwenye maji, unasema kwa sauti ndogo, "Bado haujanuka. Tutoe sasa, Amisi, upesi."

Tulikula hivyo muda mrefu. Halafu ikaja ile jioni. Aziza alisema miguu ni mizito. Shangazi Feza alikuwa amekuja kukaa na sisi kwa sababu nyumba yake ilichomwa. Dada yake Baba, tumbo moja, hakuwa na mtoto isipokuwa sisi. Akampakata Aziza, akayapasha mawese kidogo yaliyobaki katika chupa, akamkanda miguu kuanzia juu mpaka nyayo, akimwimbia ule upuuzi wake wa panya na mfalme. Aziza alicheka mpaka akalala. Na asubuhi Aziza aliposimama, miguu yote miwili ikajikaza kama mchi, akaanguka mbele ya mlango. Tukamsimamisha, akaanguka tena. Hakuwa na homa, hakulia maumivu. Alikuwa anatuangalia tu, anauliza, "Miguu yangu iko wapi?"

Siwezi kusahau swali hilo, Mama.

Watu wakajaa uani. Wakasema, wote mulikula chungu kimoja, kwa nini yeye peke yake? Muntu iko nyuma yake. Wakasema, nani alimugusa mutoto wa mwisho? Wakasema, Feza hana mutoto, anaona wivu, mafuta yake njo yaliita nguvu za mutoto zikatoka miguuni. Kila mmoja aliongeza kuni. Na weye ulikuwa hujalala, hujala, mtoto wako anatambaa chini kama jana amezaliwa. Ulimi hauna mfupa. Ukasimama mbele ya watu wote ukasema, "Feza, weye njo ulikula miguu ya mutoto wangu. Usikanyage tena mulango huu, wala muzima wala mufu."

Baba aliangalia chini. Dada yake mwenyewe, na aliangalia chini. Shangazi alikunja mkeka wake, akapita karibu yangu, akaniwekea mkono kichwani, mkono bado unanukia mawese, akashika njia ya Kailo katikati ya vita. Baba tangu siku ile hakula tena na sisi, alikuwa anabeba sahani yake nyuma ya nyumba. Ulifikiri ni hasira juu yako. Miye nafikiri alikuwa anaona aibu.

Sasa nirudi kwa Madame Hilda. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi za chuma, kofia mkononi, akafikiri nimevuta mafuta nikalewa. Nikamwambia hapana, ni muhogo. Nikamwambia yote. Hakunicheka. Akaniuliza maswali kama mukunga: muhogo ulikuwa mchungu? Ulilala majini muda gani? Mlikula na samaki? Ilikuja siku moja, ghafla, miguu yote miwili? Akili yake ni nzima? Inazidi, ao imebaki pale pale? Nikajibu. Akarudi laboratwari kutafuta katika vitabu vyake. Kesho yake alinijia wakati wa kula, akavuta kiti.

Akasema ugonjwa huo uko na jina, na jina lenyewe ni la kwetu Kongo: wanauita konzo. Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Ukilala majini siku zake, unalainika, sumu inatoka, na ule uchachu unakuja kama shahidi kwamba kazi imekwisha. Ukiutoa mapema, sumu inabaki ndani ya ugali. Mwenye kula na samaki ao maharagwe, mwili wake unaishinda. Mwenye njaa, kila siku muhogo na muhogo tu, mwili hauna cha kupigana nacho, na siku moja asubuhi miguu inakataa. Inapenda kupata watoto na wanawake. Inaweza kumpata mmoja nyumbani na kuwaacha wengine, na hata wenye kusoma sana hawajui vizuri kwa nini. Imeonekana pahali pengi wakati wa vita na wakati wa ukame. Haiambukizi, hairogwi. Hakuna muntu nyuma yake.

Nikamwuliza, "Na mafuta?" Akasema, "Mafuta gani?" Nikasema, yale ya kukanda, walisema yaliita nguvu za miguu. Akaweka kijiko chini, huyu mwanamke ambaye kazi yake ya maisha yote ni mafuta yanayoita. Akasema, "Amisi, mafuta yanaita kinachoyapenda, basi. Ya shangazi yako yalilainisha ngozi ya mtoto aliyekuwa ameshaanza kuugua. Alikuwa anamtunza."

Nililia, Mama. Mbele ya wazungu, na mkate mdomoni. Sikujali.

Sasa najua unafanya nini. Umeshika kifua, umeacha kunisikiliza, uko chini ya kile kitanda na pipa lako. Unajiambia, kama si Feza basi njo miye. Aziza, acha kusoma kidogo, mshike mkono. Umemshika? Endelea.

Mama, hapana. Nakukatalia kabisa. Nimekaa na barua hii siku nyingi kwa sababu ya woga huo tu, kwamba mzigo nikimtua Shangazi, weye utainama ujitwishe. Usijitwishe. Ungeuacha muhogo uchache, harufu ingewaita wale watu, na ndani ya nyumba Aziza alikuwa msichana anayeanza kukua. Uliinama ukanusa ili wao wasinuse. Hukujua sumu inakaaje na inatokaje. Weye ulijua muda wake, na muda njo walikunyang'anya. Mwenye kosa ni njaa, na walioileta na bunduki zao, na hao hawakukanyaga uwanja wetu kuhukumiwa. Tulimhukumu aliyekuwa karibu. Muhogo wako ulikuwa haujanuka, Mama, hilo tu. Ungekuwa na siku zako tatu, Aziza angecheza ngoma kwenye harusi yake.

Lakini neno lile ulilisema weye, na hapo siwezi kukusaidia. Miye nimeshamwomba Shangazi msamaha kwa simu, Aziza vilevile. Haitoshi. Shangazi ni mgonjwa huko Kailo, amevimba miguu na tumbo, hawezi kuinuka tena kitandani. Aziza aliniambia, hakukuambia weye kwa kuogopa uso wako. Watu wa huko walimwuliza, tukupeleke Alunguli, ufe kati ya watu wako? Akajibu, "Sikanyagi mulango nilioambiwa nisikanyage. Mpaka aliyesema aseme." Aziza alimwambia kwa simu, Baba ameshakufa, mambo yamepita. Akasema, "Kaka yangu hakunifukuza. Alinyamaza. Mwenye neno iko hai."

Siku ya mazishi ya Baba miye nilikuwa huku, karatasi zangu hazijakamilika, nikitoka sirudi, nililia ndani ya bafu maji yakiwa wazi ili majirani wasisikie. Lakini Shangazi alikuja kwa miguu kutoka Kailo. Alisimama ng'ambo ya barabara mpaka watu walipotoka na jeneza, akafuata nyuma kabisa, na kaburini hakusogea karibu. Alipotoka wa mwisho alichukua udongo kidogo akafunga kwenye ncha ya kitambaa. Ulimwona, Mama. Aziza anasema ulimwona, ukageuza uso.

Nimekwambia asidi iliyofungwa haiitiki mpaka ifunguliwe. Miye na Aziza tunaita, yeye haitiki, kwa sababu amefungwa, na kamba iko mdomoni mwako. Unajua kwetu namna ya kuifungua, nani hajui? Bibi alimfanyia jirani yake tukiona. Mwenye kulisema neno baya anatia maji mdomoni, anayatema chini mbele ya yule aliyemsema, anasema, "Nililitoa, nimelirudisha." Basi. Haihitaji kuku wala shahidi. Ila hakuna anayeweza kutema kwa ajili ya mwingine. Ningeweza, ningekuwa nimeshatema bahari nzima.

Njia ya Kailo kwa pikipiki ni mbaya, najua, na goti lako linajua zaidi. Nenda polepole, yule kijana wa jirani akubebe, akuweke mto chini. Ao tuma neno aletwe, umsubiri mlangoni. Lakini upesi, Mama. Mara hii haraka njo iko na baraka.

Na kitu cha mwisho. Aziza, nisamehe, siri yako naitoa hapa, na weye mwenyewe njo unaisoma kwa sauti yako. Usikohoe.

Mama, ule unga wa muhogo unaonunua kwa Mama Sifa, mwanamke anayeshuka na baiskeli kutoka Kailo. Ule ambao hukubali mwingine. Unaoutia mkononi, unanusa, na kumwambia kila muntu sokoni, "Huyu njo anajua kuloweka, si kama hawa wasichana wa leo." Ule ambao kila mara anakuongezea kibakuli juu, anasema, "Cha mgonjwa wako." Mama Sifa hajui kuloweka. Ni mwuzaji tu. Aziza alimwuliza siku moja kwa nini kibakuli cha juu, na yeye hakuweza kuficha. Unga huo ni wa Shangazi Feza. Kibakuli cha juu ni cha miguu ya Aziza. Miaka yote hii, kabla hajaanguka kitandani, alilaza muhogo wake majini siku zote zinazotakiwa, mpaka uchache kabisa, na akautuma kwenye mlango asioruhusiwa kuukanyaga.

Mkono ule, Mama, njo unaokulisha.

Na Mama Sifa amemwambia Aziza kwamba mfuko alioleta mara hii ni wa mwisho. Hakuna mwingine unaolowekwa.

Nisalimieni baba mwenye duka la chumvi, na fundi cherehani wetu mwenye maneno mengi, na mama mchungaji jirani anayetuombea bila kuuliza dini yetu. Msalimieni Mama Sifa kwa mikono miwili. Piteni kaburini kwa Baba, mumwambie dada yake anakuja, ao ameshakuja. Na mkifika kwa Shangazi, mwambieni yule mtoto aliyemwekea mkono kichwani siku ile bado anausikia.

Nimewaachia machozi yangu kwenye karatasi, mtaniwia radhi kwa wino uliokimbia.

Ni miye mwanao wa kwanza,
Amisi

Aziza, ukimaliza kusoma usimwulize Mama kitu. Inuka na fimbo zako, umletee kikombe cha maji.